Roketi Huita Radi: Kwa Mnaoanza Dawati la Hali ya Hewa

Wengi mnaokuja Cape Canaveral, kituo cha kurushia roketi huku Florida, Marekani, mnakuja na hamu ya kuona moto wa roketi. Poleni. Siku ya kurusha, sisi wa hali ya hewa tumeinamia skrini. Ya kwanza niliyoihudumia niliiona jioni, kwenye simu ya mke wangu.

Tuko chini ya Space Launch Delta 45, kikosi cha jeshi la anga za juu la Marekani, ambayo hadi Mei 2021 iliitwa 45th Space Wing. Hayo mtayasoma kwenye makaratasi yenu. Lililonichukua muda kulielewa ni hili: radi ya kuogopwa hapa ni ile ambayo bado haipo. Roketi pamoja na mkia wake wa moshi wa moto ni kama waya mrefu unaopandishwa mawinguni. Wingu lenye chaji, hata kama halijanguruma kutwa nzima, likichokozwa na waya huo hupiga. Apollo 12, iliyokuwa ikienda mwezini, ilipigwa mara mbili ndani ya dakika ya kwanza, Novemba 14, 1969, na wanaanga wakasalimika. Machi 26, 1987 mambo yalikuwa mengine. Roketi ya Atlas-Centaur iliyobeba satelaiti ya mawasiliano ya jeshi la majini ilirushwa mvua ikinyesha, ikapigwa, kumbukumbu ya kompyuta yake ikavurugika, ikapinda ghafla na kuvunjika. Masharti ya radi, yale yanayoamua kama roketi irushwe au isirushwe, yalikazwa baada ya ajali hiyo. Ukiyakariri bila kuijua, utayaona ni urasimu tu.

Kwa mfano, radi ikipiga ndani ya maili 10 za baharini kutoka njia ya roketi, unasubiri dakika 30. Vipo na vipimo vya ardhini vinavyosoma nguvu ya umeme hewani. Jifunzeni kuvisoma kabla hamjajifunza kitu kingine. Mimi ni mtoto wa Tanga, nilidhani nalijua anga la pwani. Florida ilinishikisha adabu: majira ya joto, upepo wa Atlantiki hukutana na ule wa Ghuba ya Mexico juu ya rasi, na alasiri mawingu hufura ukiyatazama.

Halafu asilimia. Tukisema 40, hatusemi uwezekano wa mvua. Tunasema uwezekano wa sharti lolote la hali ya hewa kuvunjwa saa ya kurusha, na jua linaweza kuwa linawaka. Mtaulizwa hili na kila mtu, wakiwemo wenye nyota mabegani. Jibuni kwa upole.

Kazi yenyewe ni kusema hapana. Mei 27, 2020, wanaanga wawili wa Demo-2, safari ya majaribio ya SpaceX kwenda kituo cha anga, walikuwa wamekwisha kufungwa mikanda, Rais wa Marekani yupo, na zikiwa zimebaki kama dakika 17 safari ikaahirishwa kwa sababu ya umeme hewani. Dakika kama 10 baada ya saa iliyopangwa pangekuwa shwari. Lakini roketi inayofuata kituo cha anga hairushwi kwa kusogezasogeza saa. Njia ya kituo ikipita, imepita. Waliondoka Mei 30. Ukiwa bado unajadiliana na wingu kichwani, sema "hapana" kwanza, maelezo baadaye, na kwa sentensi moja. Wanaokusikiliza wana foleni ya watu wengine wa kuwasikiliza.

Na njooni na sweta. Kile chumba kina baridi kuliko Njombe.