Dada Fundi Anajibu: Paka wawili, kapeti moja na mgongo unaouma

SWALI: Dada Fundi, hujambo? Ninaishi Migosi, Kisumu, nyumba ya vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya tatu. Tuna paka wawili, mmoja wa manyoya marefu. Sebuleni kuna kapeti nzito ya nyuzi ndefu ambayo Baba Watoto hataki kusikia habari ya kuitoa. Kwingine kote ni vigae. Mtoto wetu wa miaka sita ana pumu. Mgongo wangu hauniruhusu tena kuinama na ufagio, wala kukokota ile vakyumu kubwa ya pipa tuliyonayo. Nimeweka kando shilingi elfu kumi na tano. Dukani wananionyesha moja ya wati 2,000 wakisema ndiyo yenye nguvu, na nyingine ya betri, haina jina la kampuni, wanayosema ina uzito wa kilo moja na nusu tu. Nichukue ipi?
Mama Paka, Migosi

JIBU: Mama Paka, kati ya hizo mbili usichukue hata moja. Kwa hela hiyo na mgongo huo, tafuta vakyumu ya fimbo, ya waya, ya wati 400 hadi 600, ambayo kichwa chake kina brashi inayozunguka. Nitakueleza kwa nini, maana muuzaji lazima atakubishia.

Wati ni stima inayoliwa. Hazikwambii mashine inavuta kiasi gani, zinakwambia tokeni zitaisha lini. Ya wati 2,000 ukiiwasha nusu saa imemaliza yuniti nzima. Ya wati 500 kwa muda huo huo inakula robo yuniti. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1,600 mwaka 2014, kisha tangu Septemba 2017 wakashusha hadi 900, na sijasikia kwamba nyumba za huko zimejaa vumbi tangu hapo. Siku hizi masanduku mengine yanaandika nguvu ya kuvuta kwa paskali, Pa au kPa. Hicho ni kipimo bora kidogo, ila hupimwa bomba likiwa limezibwa, na wewe hutafagia nyumba ukiwa umeziba bomba.

Shida yako ni manyoya, na manyoya ya paka hayatoki kwenye kapeti kwa upepo peke yake. Yamejisokota kwenye nyuzi. Lazima kitu kiyachane kwanza ndipo upepo uyabebe. Kwa hiyo ukifika dukani, mgongo wako usiuinamishe kusoma sanduku. Mwambie muuzaji ageuze kichwa cha mashine juu chini. Ukiona ni mdomo mtupu wenye kijiuzi cha brashi pembeni, hiyo ni ya vigae. Unataka mhimili unaozunguka. Ulio bora unazungushwa na mota yake ndogo iliyo ndani ya kichwa. Upo pia unaozungushwa na upepo unaopita. Huo ni wa bei nafuu, lakini kwenye kapeti nene kama ya Baba Watoto huzama na kusimama. Mhimili wa mapezi ya mpira hunasa nywele kidogo kuliko wa brashi ya nailoni, kwa hiyo ukipata wa mpira chukua huo.

Na nywele za binadamu, pamoja na zile za kusukia, ndizo zinazoniletea wateja wengi kuliko za wanyama. Juzi niliifungua moja iliyotoka Section 58 hapa Nakuru, mwenyewe akisema mota imekufa. Mota ilikuwa nzima. Mhimili wa brashi ulikuwa umevikwa nywele za mbwa, nyuzi za soksi, na juu yake rasta za kusukia, nyeusi na za rangi ya divai, zimekazwa hadi zikaingia kwenye beringi. Rasta ni plastiki. Zilikuwa zimepata moto, zikayeyuka na kuganda kama nta pale pale mhimili unapozungukia. Beringi niliitoa kwa kisu. Kama kwenu kuna mtu wa kusukwa sebuleni, okoteni nywele kwa mkono kabla ya kuwasha mashine, na kila baada ya wiki mbili hivi pitisha mkasi kwenye mhimili, ukate kwa urefu wake, zitatoka zenyewe. Mashine iwe imechomolewa kwenye soketi, tafadhali. Nimeona vidole.

Kuhusu uzito, ule wa kilo moja na nusu unaotajwa mara nyingi ni wa kipande cha mkononi tu, bila fimbo wala kichwa. Usiamini, inyanyue ikiwa imeunganishwa yote. Kisha tazama mota imekaa wapi. Ikiwa juu, karibu na mkono, utafika kwa urahisi kwenye pazia na juu ya kabati, lakini kifundo cha mkono ndicho kinachobeba mzigo, na ukiiacha imesimama huanguka. Ikiwa chini, karibu na kichwa, sakafu ndiyo inayobeba; unaisukuma tu. Mtu mwenye mgongo kama wako namwambia achukue ya mota ya chini, hata ikizidi kwa nusu kilo. Angalia pia urefu wa fimbo. Ukisimama wima na kiwiko kimekunjwa kidogo, kichwa cha mashine kiwe kimelala sakafuni. Kama unalazimika kuinama, warudishie.

Betri siichukii. Stima ikipotea, mwenye betri anaendelea na kazi, na Kisumu mnajua habari hizo. Lakini muda wa dakika arobaini unaoandikwa ni wa mwendo mdogo kabisa. Ukiweka nguvu ya juu, ile utakayoihitaji kwenye kapeti, betri nyingi huishia kwenye dakika kumi hivi. Betri ya lithiamu huchoka pia: baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa inashika chaji kidogo, na joto huiwahisha. Siku hiyo utatafuta betri ya mashine isiyo na jina, na hakuna duka Oginga Odinga Street litakalokuwa nayo. Betri ya kampuni kubwa yenye vipuri ni habari nyingine, ila elfu kumi na tano hazikufikishi kwa Dyson. Nyumba ya vyumba viwili haina kona iliyo mbali na soketi. Waya wa mita tano au sita utakutosha, ukihama soketi mara moja au mbili.

Sasa mtoto. Kama kweli ni paka wanaomsumbua (na hilo ni la daktari wake kusema, si la fundi), jua kwamba kinachosumbua si unywele wenyewe. Ni protini iliyo kwenye mate na ngozi ya paka. Anapojilamba inabaki kwenye manyoya, ikikauka inapeperuka kwa chembe zisizoonekana kwa macho. Vakyumu yenye kichujio hafifu itayala manyoya mbele na kuipuliza protini nyuma, mkajiona mmesafisha. Tafuta kichujio cha HEPA chenye daraja lililotajwa, kama H13, ambacho hushika asilimia 99.95 ya chembe ndogo. Sanduku likisema tu ni cha aina ya HEPA bila daraja, muuzaji anakupamba. Halafu fanya jaribio hili pale pale dukani: iwashe, zungusha kiganja polepole kwenye maungio yote ya mwili wa mashine na kando ya chombo cha taka. Hewa itoke mahali pake pa kutokea, si kwenye nyufa. Kichujio kizuri ndani ya mwili unaovuja ni hela ya bure.

Nyumbani, fungua madirisha, mtoto awe nje au chumba kingine mpaka vumbi litulie, na chombo cha taka usikimwagie jikoni: kiingize chote ndani ya mfuko, kigonge humo humo, funga, teremsha takani. Anayefanya kazi hiyo asiwe mtoto. Mashine za mfuko wa kutupa ni bora kwa mwenye pumu kwa sababu vumbi halikurudii usoni, lakini kabla hujanunua uliza mifuko inauzwa wapi Kisumu. Wakikuambia itaagizwa, achana nayo.

Kichujio kinachooshwa kioshwe kwa maji matupu na kikauke kwa siku nzima, kivulini. Msimu wa mvua kwenu kinaweza kuchukua mbili. Ukikirudisha kikiwa na unyevu, nyumba itanuka mbwa hata kama hufugi. Nunua cha pili siku ile ile unayonunua mashine, vipokezane zamu.

Usivute majivu ya jiko, hata yakiwa baridi. Ni laini mno, huziba kichujio papo hapo, na kaa moja lililojificha linatosha kuyeyusha chombo. Mchanga wa choo cha paka, ukiwa mkavu na umemwagika kidogo, sawa, ila zima brashi kwanza, la sivyo utaurusha vigae vyote hadi chini ya friji. Ukiwa umelowa, hapana. Na kwa wale wadudu wadogo wa ziwa wanaofuata taa na kufa marundo dirishani, hapo vakyumu itakufurahisha kuliko kwa paka. Subiri tu wakauke.

Jambo la mwisho kwako: kabla ya kutoka nyumbani, chana yule paka wa manyoya marefu, weka furushi lake ndani ya bahasha. Dukani lisugue kwenye kapeti yao kwa kiatu mpaka lishike, kisha waambie waliondoe. Muuzaji wa kweli hatakasirika.

SWALI: Mbwa wetu analala ndani na sasa kapeti ina viroboto. Nimevuta na vakyumu siku tatu mfululizo na naona wanaongezeka! Mashine imeharibika?
Baba Simba, Kakamega

JIBU: Mashine ni nzima, Baba Simba, na inafanya kazi kuliko unavyodhani. Mayai ya kiroboto hudondoka kutoka kwa mbwa, yanaanguliwa ndani ya kapeti, na viluwiluwi hujifungia kwenye vifuko vinavyonata nyuzi. Humo kiroboto anaweza kungoja wiki nyingi mpaka asikie mtikisiko au joto la kiumbe anayepita. Vakyumu ni mtikisiko. Umewaamsha, nao wanatoka pale ambapo utawavuta. Endelea kila siku, upitie kingo za kuta na chini ya makochi, na umwage taka nje ya nyumba mara tu ukimaliza, kwa sababu ndani ya chombo bado wako hai. Lakini mbwa asipotibiwa kwa wakati huo huo na daktari wa mifugo, utavuta hadi Krismasi.

SWALI: Binamu yangu yuko Marekani na anakuja Desemba. Anasema atanibebea vakyumu nzuri sana ya huko. Nikubali?
Wa Lanet, Nakuru

JIBU: Inategemea. Stima ya Marekani ni volti 120, yetu ni 240. Ikiwa ni ya waya, ukiichomeka hapa itanguruma kwa sauti ya ajabu, kisha moshi. Transfoma ya kushusha umeme inayoweza kubeba mota ya vakyumu ni nzito kuliko vakyumu yenyewe, kwa hiyo mwambie asante, alete chokoleti. Ikiwa ni ya betri, mwombe apige picha ya maandishi madogo ya chaja. Yakisema INPUT 100–240V, 50/60Hz, itafanya kazi hapa. Utahitaji kibadilishi cha plagi tu. Betri ikitoka, asiiweke kwenye sanduku la kupakiwa, aibebe mkononi, na ikizidi Wh 100 (wati-saa) aulize shirika lake la ndege kabla ya safari. Aongeze vichujio viwili na mhimili wa akiba, maana hapa hutavipata.

SWALI: Roboti ya kufagia inafaa nyumba yenye kitoto cha paka ambacho bado kinajifunza kutumia choo?
Msomaji, Bungoma

JIBU: Fikiria roboti imekuta kitoto kimekosea njia saa nane mchana, na nyinyi mko kazini. Itapita juu ya uchafu huo, kisha iendelee na ratiba yake chumba hadi chumba. Ngojeni kitoto kihitimu kwanza.