Vya zamani havikukwepa
Hapana dada, si kweli kwamba vichekesho vya familia vya zamani vilikwepa mambo ya aibu. Huko Marekani, mwaka 1972, kichekesho cha televisheni kiitwacho Maude kilimwonyesha mama wa miaka 47 akiamua kutoa mimba. Mwaka 1977, katika kichekesho kingine, All in the Family, Edith, mama wa familia hiyo, alivamiwa na mbakaji sebuleni kwake siku anatimiza miaka 50. Alimbandika keki ya moto usoni, akakimbia. Leo mada hizo zimejaa tele, ila kila mtu anatazama peke yake kwenye simu. Kwetu Kisauni televisheni ilikuwa moja. Likitokea jambo zito, mama alitueleza pale pale, au alitutuma dukani, nasi tukirudi tunauliza.