Maswali na Majibu: Kinshasa hufanya nini usitishaji mapigano unapovunjika?

Tarehe 4 Desemba 2025 Marais Félix Tshisekedi wa Kongo na Paul Kagame wa Rwanda walithibitisha mkataba wa amani mjini Washington. Tarehe 10 mwezi huohuo wapiganaji wa kundi la waasi la M23 wakaingia mji wa Uvira, Kivu Kusini. Tangu hapo barua za wasomaji kuhusu mashariki mwa Kongo zimekuwa nyingi. Tumechagua zile zinazouliza mambo yanayofanana na kuyajibu kwa pamoja.

Msomaji wa Mwanza: Kila baada ya miezi michache tunatangaziwa kwamba mapigano yamesitishwa, halafu mji mwingine unaanguka. Kwa nini makubaliano haya hayashiki?

Mara nyingi wanaotia saini si wale wanaopigana. Tazama makubaliano ya Luanda ya 30 Julai 2024. Yalifungwa kati ya Kongo na Rwanda chini ya usuluhishi wa Angola, na yalitakiwa kuanza usiku wa manane wa tarehe 4 Agosti. M23 hawakuwemo mezani, wakasema wazi kwamba hayawafungi. Kikosi cha uhakiki kilichoongezewa nguvu, chini ya maafisa wa Angola, kilizinduliwa Goma tarehe 5 Novemba, yaani miezi mitatu baadaye. Katika miezi hiyo mitatu kila upande uliutuhumu mwingine, na hapakuwa na mtu wa tatu aliyekubalika mwenye uwezo wa kufika kwenye mstari wa mbele na kusema nani alianza.

Tarehe 15 Desemba 2024 marais walipaswa kukutana Luanda kukamilisha kazi. Mkutano ukafutwa. Rwanda ilitaka Kinshasa, yaani serikali ya Kongo, ikubali kwanza kuzungumza ana kwa ana na M23, na Kinshasa ikakataa. Wiki chache baadaye M23 walichukua mji wa Masisi, kisha Minova tarehe 21 Januari 2025, kisha Sake, na tarehe 27 Januari wakawa ndani ya Goma. Ukiiangalia ramani utaona kwamba Minova ndiyo njia ya ziwani na ya barabarani inayoilisha Goma kutoka kusini, na Sake ni mlango wake wa magharibi. Mji ulikuwa umekwisha kuzingirwa kabla haujaingiwa.

Msomaji wa Nairobi: Serikali hufanya nini hasa makubaliano yakivunjika? Tunasikia matamko tu.

Matamko ni sehemu ndogo ya kazi. Tuchukue Januari hadi Machi 2025, kwa sababu karibu kila chombo ambacho serikali inacho kilitumika katika miezi hiyo.

La kwanza lilikuwa uongozi wa kijeshi. Gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Meja Jenerali Peter Cirimwami, aliuawa mstari wa mbele siku chache kabla Goma haijaanguka. Tarehe 28 Januari Rais alimteua Jenerali Somo Kakule Évariste kushika nafasi hiyo, na makao ya mkoa yakahamia Beni. Bukavu ilipoanguka katikati ya Februari, ofisi za Kivu Kusini nazo zikahamia Uvira. Wengi hudhani kuhamisha ofisi ni jambo la heshima tu, lakini bila makao halali hakuna anayeweza kusaini malipo ya walimu, kutoa vyeti, wala kupokea mashirika ya misaada kwa niaba ya dola.

La pili ni diplomasia. Kinshasa ilivunja uhusiano wa kibalozi na Kigali, na tarehe 26 Januari Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likakutana kwa dharura. Tarehe 8 Februari wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, walikaa pamoja Dar es Salaam wakataka mapigano yasitishwe mara moja. Tarehe 21 Februari likaja Azimio 2773, ambamo Baraza liliitaka Rwanda iache kuisaidia M23 na iondoe wanajeshi wake. Siku moja kabla, Marekani ilikuwa imemwekea vikwazo waziri wa Rwanda, James Kabarebe, na Umoja wa Ulaya ukafuata na orodha yake tarehe 17 Machi. Siku iliyofuata M23 walitakiwa kukaa na serikali mjini Luanda kwa mara ya kwanza. Wakajitoa wakitaja vikwazo hivyo. Hapo ndipo panapoonyesha ugumu wa kazi hii: chombo kimoja cha shinikizo kilivuruga kingine cha mazungumzo kwa sababu tu ya kalenda.

La tatu ni mahakama. Viongozi watatu wa waasi wanaotajwa zaidi, Corneille Nangaa, Bertrand Bisimwa na Sultani Makenga, walikuwa wamehukumiwa kifo bila kuwepo tangu Agosti 2024. Machi 2025 serikali ikatangaza zawadi ya dola milioni 5 kwa atakayesaidia kumkamata yeyote kati yao. Kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda nayo ilisikilizwa Februari katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, na mwezi Juni mahakama ikasema ina mamlaka ya kuisikiliza. Kesi ya aina hii huenda polepole, lakini hubaki kwenye kumbukumbu hata marais wakibadilika. Zawadi ya kichwa ni jambo jingine kabisa. Mtu uliyemwekea bei haji mezani kwa urahisi, na miezi michache baadaye serikali ilijikuta Doha, Qatar, ikizungumza na kundi la watu hao hao.

La nne ni askari wenyewe. Mei 2024 mahakama ya kijeshi ya Goma ilihukumu kifo askari wanane kwa woga vitani. Februari 2025 wengine 75 wakafikishwa mahakamani Kivu Kusini kwa kukimbia na kupora. Machi, Rais akaongeza mara mbili mshahara wa askari na polisi. Kwa maoni yetu hatua hii ya mwisho ilipaswa kutangulia zote. Jeshi la Kongo haliporomoki kwa kukosa bunduki. Huporomoka mshahara unapocheleweshwa, posho ya chakula inapoishia mikononi mwa makamanda, na majeruhi wanapobebwa kwa pikipiki kwa kukosa gari la wagonjwa. Adhabu ya kifo haitibu lolote kati ya hayo.

Msomaji aliyehama Bukavu, sasa yuko Bujumbura: Kwa nini benki zilifungwa? Kwani mama muuza dagaa ndiye M23?

Hapana, na swali lako ni la haki. Mantiki ya serikali ilikuwa hii: Benki Kuu ndiyo inayopeleka noti kwa benki za biashara, na tawi lililo mikononi mwa waasi haliwezi kupelekewa fedha bila hatari ya kuzikabidhi kwa adui. Kwa hiyo matawi ya Goma, na baadaye Bukavu, yalisimama.

Walioumia ni raia. Mtumishi wa serikali aliyekuwa akilipwa kupitia benki aliuona mshahara kwenye akaunti asiweze kuutoa. Watu wakageukia pesa za simu, na kwa kuwa noti zilikuwa adimu, mawakala wakaongeza makato. Wenye uwezo wa kuvuka mpaka wakawa wanakwenda Gisenyi, Rwanda, kutafuta fedha. Uwanja wa ndege wa Goma nao ulifungwa, na hata Rais wa Ufaransa alipotangaza Oktoba 2025 kwamba utafunguliwa kwa ndege za misaada, M23 walikataa.

M23 hawategemei benki hizo. Wanatoza ushuru mipakani na barabarani, na tangu walipoiteka Rubaya, mji wa machimbo, mwishoni mwa Aprili 2024 wanatoza madini ya koltani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mapato ya hapo kuwa takriban dola 800,000 kwa mwezi. Aprili 2025 wakafungua hata CADECO, ile taasisi ya akiba ya serikali, chini ya usimamizi wao. Kufunga benki kulimnyima raia huduma na kumpa mwasi nafasi ya kujionyesha kuwa mtoa huduma. Njia ya maana zaidi ingekuwa kukubaliana mapema, mbele ya msuluhishi, juu ya utaratibu wa kulipa walimu na wauguzi kwa simu kwa kiwango cha makato kilichowekwa.

Msomaji wa Kigoma: Wazalendo ni jeshi la serikali au si la serikali?

Wanapigana upande wa serikali, lakini hawaamriwi kikamilifu na serikali. Ni makundi ya kienyeji yaliyokuwapo kabla, mengi yakipigana yenyewe kwa yenyewe, yaliyokubaliana katika mji wa Pinga mwezi Mei 2022 kuelekeza bunduki kwa M23. Mwaka 2023 sheria ya jeshi la akiba la ulinzi ikatungwa ili kuwapa nafasi halali.

Faida yake kwa Kinshasa ilikuwa ya haraka: maelfu ya watu wanaoijua misitu. Gharama huonekana siku ya kusitisha mapigano. Oktoba 2023 utulivu wa miezi kadhaa ulivunjika pale Wazalendo walipowashambulia M23 kuzunguka Kitshanga, huku jeshi likisema linaheshimu makubaliano. Septemba 2025, Uvira, walimkataa Jenerali Olivier Gasita aliyeteuliwa na serikali hiyo hiyo, wakimtuhumu kwa sababu ya asili yake ya Banyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo wa Kivu Kusini, na mji ukajaa maandamano. Anayewapa watu silaha nje ya safu za jeshi hawezi kuahidi kwa niaba yao, na upande wa pili hulijua hilo na hulitumia kama kisingizio.

Msomaji wa Songea: Mwaka 2013 vijana wetu wa JWTZ waliimaliza M23 kwa miezi michache. Safari hii ilishindikanaje?

Brigedi ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2013 ilikuwa na watu 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Azimio 2098, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Ilikuwa na vikosi vitatu vya miguu, kimoja cha mizinga, na kombania ya makomandoo na upelelezi. Ushujaa ulikuwapo, lakini usisahau yaliyotokea pembeni. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi Novemba 2012, Kinshasa ilimsimamisha mkuu wa majeshi ya nchi kavu. Uingereza ikazuia pauni milioni 21 za msaada kwa Rwanda. Februari 2013 nchi 11 zikatia saini mkataba wa Addis Ababa. M23 wenyewe wakagawanyika, na mmoja wa makamanda wao, Bosco Ntaganda, akajisalimisha katika ubalozi wa Marekani Kigali tarehe 18 Machi. Brigedi ilipoanza kupiga, adui alikuwa ameshapungukiwa msaada na umoja. Bunagana ilirudi tarehe 30 Oktoba, vilima vya Chanzu na Runyonyi vikafuata, na tarehe 5 Novemba M23 wakatangaza mwisho.

Safari hii kikosi, SAMIDRC, kilichoanza Desemba 2023, kilikuwa cha SADC, bila mfuko wa kudumu wa Umoja wa Mataifa, hakikufikia idadi iliyopangwa, na hakikuwa na ndege za kutosha. Upande wa pili, ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Julai 2024 ilikadiria wanajeshi wa Rwanda 3,000 hadi 4,000 wakiwa pamoja na M23. Kigali inasema ilichukua tu hatua za kujilinda. Januari 2025 Afrika Kusini ilipoteza wanajeshi 14, na Tanzania na Malawi nazo zilizika vijana wao. SADC ilisitisha operesheni tarehe 13 Machi, na vikosi vikaondoka kwa barabara kupitia Rwanda hadi Chato, mkoani Geita.

Kosa jingine lilitokea baada ya ushindi. Waliokimbilia Uganda na Rwanda mwaka 2013 waliahidiwa msamaha na kurudishwa nyumbani. Zoezi lilikwama, ni wachache waliorudi. Makenga akaondoka Uganda na watu wake mwaka 2017, wakakaa kwenye miteremko ya milima ya volkano karibu na mpaka, na Novemba 2021 vita vikaanzia hukohuko.

Msomaji wa Kampala: Mkataba wa Washington unawafunga M23?

Hapana. Washington ni kati ya Kongo na Rwanda. Cha M23 ni Doha, chini ya Qatar: tamko la kanuni la 19 Julai 2025, kisha mfumo wa makubaliano wa 15 Novemba wenye itifaki nane. Siku ya kutiwa saini, mbili tu zilikuwa zimekamilika: kubadilishana wafungwa, na usimamizi wa usitishaji mapigano.

Msomaji wa Uvira: Usitishaji mapigano ukitangazwa tena, nitajuaje kama ni wa kweli? Nina duka na watoto wanne.

Usiangalie picha ya kupeana mikono. Tafuta saa na tarehe ya kuanza. Tafuta kama kuna mstari uliotajwa kwa majina ya vijiji, maana agizo la "kila mtu abaki alipo" bila ramani huruhusu kila upande kudai alikuwa mbele zaidi. Tazama kama droni na mizinga vimetajwa, si bunduki pekee, na kama Wazalendo wametajwa kwa jina. Angalia kama wafungwa wanaanza kutoka kupitia Msalaba Mwekundu: Agosti 2025 tarehe ya mkataba wa mwisho ilipita kwa sababu M23 walitaka kwanza watu takriban 700 waachiliwe.

Kisha uliza waangalizi wako wapi. Itifaki ya Oktoba 2025 inaweka wajumbe wa pande zote mbili pamoja na Mkutano wa Kimataifa wa Maziwa Makuu, huku Qatar, Marekani na Umoja wa Afrika wakitazama. MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ilifunga shughuli zake Kivu Kusini Juni 2024, kwa hiyo kwenu Uvira hapakuwa na kofia za bluu Desemba ilipofika. Waangalizi wakiwa hotelini Goma tu, usiwahesabu.

Dalili za karibu zaidi utaziona mwenyewe: malori yanaposimama barabara ya Bukavu kwenye tambarare ya Ruzizi, mashua za Kalundu zinapopandisha nauli, familia za maafisa zinapovuka mpaka wa Kavimvira kwenda Gatumba, Burundi. Mpaka huo Burundi iliufunga mji ulipoanguka, hivyo usiutegemee kama njia pekee. Gawa bidhaa zako, usiweke zote dukani. Weka fedha kidogo taslimu, kidogo kwenye simu. Vyeti vya kuzaliwa na kadi za chanjo za watoto zipigwe picha na kutumwa kwa ndugu aliye nje ya mkoa, na nakala ziwe kwenye mfuko wa plastiki mmoja ambao kila mtu nyumbani anajua ulipo.