Mguu Ulioteguka na Njia ya Kwenda Shela

Kifundo changu cha mguu wa kushoto kiliteguka kwenye ngazi za gati, maji yametoka na vidato vya chini vimejaa utelezi. Kila mtu wa Lamu anamjua angalau mmoja aliyeanguka mahali kama pale, kwa hiyo kisa chenyewe nakiacha. Ninachotaka kuandika ni yaliyofuata, maana jamaa walinipa ushauri wa aina mbili tu: lala usiukanyage mpaka upone, au nenda ukakandwe leo leo kabla haujapoa. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenishughulikia hakukubali hata mmoja.

Kwanza hakikisha mfupa haukuvunjika. Madaktari wana kipimo kilichotoka Ottawa, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukishindwa kupiga hatua nne, hata za kuchechemea, nenda ukapigwe picha. Vilevile kama unaumia ukibonyezwa kwenye mfupa wenyewe: nyuma ya jicho la mguu, la ndani au la nje, au kwenye ule mfupa uliotokeza ubavuni mwa wayo upande wa kidole kidogo. Mguu uliopinda au ulioingia ganzi hauhitaji kipimo. Panda boti uende hospitali.

Kuhusu kukandwa, sina ugomvi na wakandaji wetu. Lakini siku za mwanzo kano zimechanika na damu inavuja ndani, na kuusugua uvimbe kwa nguvu ni kuuongeza. Ngoja uvimbe ushuke, kisha mkandaji akulegeze shavu la mguu kwa mafuta ya simsim, na utapata raha. Barafu nayo hupunguza maumivu, basi. Daktari Mmarekani Gabe Mirkin, aliyeeneza mwaka 1978 ile kanuni ya kupumzika, barafu, kubana na kuinua mguu, baadaye aliandika mwenyewe kwamba barafu na kupumzika kabisa huenda vikachelewesha kupona. Kubana kwa bandeji na kuinua mguu juu ya mto bado ni sawa.

Baada ya siku chache kano inataka kazi. Ikifanyiwa kazi kidogo kidogo hujisuka upya ikiwa imara; ikiachwa, kifundo kinakakamaa na misuli inanywea. Nilianza nikiwa nimekaa barazani, naandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, alifu mpaka ye. Watoto wa jirani walicheka sana. Kisha kuchuchumia kwa miguu yote miwili nikishika ukuta, halafu kwa mguu mmoja. Halafu kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki, na baadaye hivyo hivyo macho yamefumbwa. Hili la mwisho watu hulidharau, na kwangu ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko yote. Kifundo kikiteguka hupoteza hisia ya kujua kimekaaje, ndiyo maana mtu aliyeteguka mara moja huteguka tena palepale.

Maumivu yana kiasi chake. Kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, tatu wakati wa mazoezi inavumilika, mradi asubuhi yake mguu usiwe umevimba kuliko jana. Ukivimba, punguza, usiache. Na usimeze dawa ya maumivu ili uweze kufanya zoezi, utakuwa umemziba mdomo mlinzi wako.

Swala ilinisumbua kuliko kutembea. Kitako cha tahiyatu kinaulaza mguu wa kushoto chini yako, wayo umenyooka na kugeukia ndani, yaani mkao uleule unaovuta kano za nje zilizoumia. Swali kwenye kiti, dini imeruhusu kwa mwenye udhuru. Siku utakapokaa kitako cha kawaida bila kukunja uso, jua umefika mbali.

Sasa kutembea. Mji wetu una sakafu za kila namna, na kosa kubwa ni kuzirukia ovyo. Anza barabara ya pwani mbele ya mji, pametandazwa vizuri, asubuhi kabla ya msongamano. Vichochoro vya ndani vije baadaye: mawe yameinuka, na punda mwenye shehena hakupi nafasi ya kufikiri, unaruka pembeni tu. Ngazi za nyumba zetu ni ndefu na vidato vyake haviko sawa, kwa hiyo unapopanda tanguliza mguu mzima, unaposhuka tanguliza mgonjwa.

Mchanga ufuate. Hapa watu hukimbilia kusema mchanga ni laini, hauumizi. Mchanga mkavu unazama na kukizungusha kifundo kila hatua, kwa hiyo ngoja maji yatoke utembee kwenye ule uliolowa na kushikana. Angalia pia mteremko. Ukitoka mjini kwenda Shela, kijiji cha jirani, kwa njia ya pwani, bahari iko kushoto kwako, na mguu wa upande wa bahari hukanyaga huku ukipinduka kwa nje, kano zilezile za nje zikivutwa. Kwa aliyeteguka wa kushoto kama mimi, safari ya kwenda ndiyo mbaya, kurudi ni nafuu. Mimi nilikuwa nakwenda kwa boti hadi Shela, narudi kwa miguu. Wa kulia wafanye kinyume chake.

Kuruka mwenyewe kutoka chomboni nikakuweka mwisho kabisa, na mpira wa mchangani pamoja nako, mpaka nilipoweza kuruka kwa mguu mmoja na kutua bila kuyumba. Kabla ya hapo, mwambie nahodha akusogeze karibu na akushike mkono. Bamvua maji yakitoka sana, vile vidato vya chini viache kabisa, ngoja yajae.