Roketi Ikishapotea Machoni: GPS Ikusogeze, Redio Ikufikishe

Wanaoanza kurusha roketi za kujifurahisha huniuliza wanunue kifaa gani cha kutafutia: cha GPS au cha redio kinachotuma mlio tu, unaousikia kwenye kipokezi ulichoshika. Kama roketi yako inapanda hadi usiione tena, jibu langu ni vyote viwili. Kimoja huanza kazi pale mwenzake anapoishia.

Tuanze na GPS. Kifaa kilichomo ndani ya roketi husikiliza setilaiti, hujua kilipo, kisha hukutumia latitudo na longitudo kwa redio. Hapo kwenye redio ndipo pa kuangalia. Roketi ikiwa bado inaning'inia kwenye parachuti, kitumaji kidogo cha 433 au 915 MHz husikika kilomita nyingi. Ikishatua, antena ikalala kwenye majani nyuma ya tuta, huenda usiisikie hata kwa mita mia chache. Ndiyo maana nasisitiza sana: taarifa ya thamani kuliko zote ni ile ya mwisho kabla ya kugusa ardhi. Iandike kwenye karatasi papo hapo, hata kama kipokezi kinaihifadhi.

Na uisome sawasawa. Latitudo ya 2.35 ni nyuzi 2 na dakika 21. Anayeisoma kama nyuzi 2 na dakika 35 ataenda kutafuta kilomita 26 hivi kutoka roketi ilipo. Panga simu, ramani na kipokezi vyote vitumie mtindo mmoja, na pakua ramani ya eneo mapema, maana viwanja vya kurushia mara nyingi havina mtandao.

GPS ikikatika wakati injini inawaka, usihangaike. Mwendo ule mkali huzishinda nyingi, nazo hurudi roketi ikianza kushuka polepole. Kinachonisikitisha ni kifaa kizuri kufungiwa ndani ya bomba la nyuzi za kaboni. Kaboni na alumini huzuia mawimbi. Fibaglasi, karatasi na mbao huyapitisha. Mimi hukiweka kwenye pua ya roketi, antena ikiwa imenyooka, mbali na vyuma na nyaya.

Ukifika penye ile nukta ya mwisho na huoni kitu, sasa ni zamu ya kile kifaa cha redio cha mlio. Shika antena ya Yagi, ile inayosikia zaidi upande inakoelekezwa, zunguka taratibu, uone mlio unazidi upande gani. Ijaribu ikiwa wima, kisha ilaze, kwa sababu hujui antena ya roketi imelala vipi. Usiposikia kitu, panda mahali palipoinuka. Mita chache tu za kimo huleta tofauti kubwa. Pima uelekeo kutoka sehemu mbili zilizo mbalimbali, uchore mistari kwenye ramani: inapokutana ndipo pa kwenda.

Ukikaribia kabisa, mlio huwa mkali kila upande na Yagi haikusaidii tena. Chomoa antena, au sogeza masafa ya kipokezi (ile namba ya MHz) kidogo pembeni ya yale ya kitumaji. Kisha kibane kipokezi kifuani, uzunguke. Mlio unapofifia zaidi, roketi iko nyuma ya mgongo wako, kwani mwili wako ndio unaouzuia.

Mambo ya leseni yamalize mapema. Nchi nyingi zinataka leseni ya redio ya ridhaa kwa baadhi ya masafa. Betri nayo iwe na uwezo wa kufika kesho yake, kwa sababu giza likiingia utalazimika kurudi asubuhi.

Ukiiona, usikimbilie kuinyanyua. Huenda chaji ya baruti ya kutolea parachuti haijalipuka. Ikaribie kwa ubavu, uso na mikono vikiwa mbali na ncha zote mbili za bomba, uzime kwanza swichi ya altimeta, kifaa kinachopima kimo na kuilipua chaji hiyo. Picha utapiga baadaye.