Tufunge mwamba miezi mingapi?

SWALI: Assalaam alaykum, mzee wetu. Mimi natafuta pweza kwa miguu, kila bamvua, maji yanapokupwa sana. Kamati ya wavuvi inataka kufunga mwamba, yaani watu wasivue pweza hapo kwa muda. Wengine wanasema miezi mitatu, wengine mwaka mzima, na mwanangu aliye chuo anasema wataalamu wameshapiga hesabu. Hesabu hiyo inasemaje? Na sisi tusio na ngarawa tutakula nini?
– Mama wa watoto watano, kusini Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Mwaka mzima ukataeni. Pweza si chewa, samaki anayeishi miaka mingi. Umri wake ni kama mwaka mmoja, akizidisha ni kidogo. Jike akishataga hujifungia shimoni na mayai yake, hali kitu, na yakianguliwa naye hufa. Mkingoja mwaka, wengi mliowatunza watakufa bila kufika kikapuni. Lakini akiwa mdogo hukua mbio, uzito huweza kuongezeka maradufu kwa mwezi hivi. Ndiyo maana miezi miwili au mitatu inatosha.

Hesabu anayoisema mwanao nadhani ni ya Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagascar, walikoanza mwaka 2004. Hufunga kipande tu cha mwamba, kwingine watu wanaendelea kuvua. Utafiti uliochapishwa 2015 ulipima mara 36 walizofunga katika miaka 8. Siku 30 baada ya kufungua, pweza waliotoka vipande vile walizidi kwa asilimia 718 kuliko siku 30 kabla ya kufunga. Usiduwae. Mwamba ukifunguliwa kila mtu hukimbilia huko. Wewe shika asilimia 87: ndivyo alivyozidi kupata mvuvi mmoja kwa kutwa yake. Na mara 27 kati ya hizo 36 faida ilizidi hasara, mara 9 haikuzidi.

Swali lako la pili ndilo linaloniuma. Nimekuwa afisa uvuvi miaka mingi, na mama yangu alinilea kwa mchokoo wa pweza. Kijiji kimoja nilichokihudumia, kamati ya wanaume watupu ilifunga mwamba wa karibu, ule unaofikika kwa miguu. Wao wakaendelea kuzamia nje. Wiki ya tatu wanawake waliingia usiku na tochi, mwamba ukachakazwa wote. Waliitwa wezi. Mimi sikuthubutu kuwaita hivyo, kwa sababu nilikuwepo kikaoni na sikuuliza nani atakosa kitoweo.

Kwa hiyo nendeni kikaoni, tena muwe wengi. Daini kipande kinachofungwa kichukue na mwamba wa nje, na kwenu pabaki pa kutembea. Siku ya kufungua iangukie bamvua. Ikiangukia maji mafu, yasiyokupwa sana, wazamiaji watavuna nyinyi mkiwa bado ufukweni. Bei semeni na mnunuzi mapema, maana pweza wakimwagika kwa siku moja ataishusha. Na wadogo waachwe. Bara sheria inakataza chini ya gramu 500.

Kabla ya kikao, bamvua hii inayokuja, gawaneni mwamba wawili wawili. Hesabuni mashimo yenye magamba ya kaa mlangoni, hayo unayajua kuliko mtafiti yeyote. Andikeni kwenye daftari la mtoto, kipande kwa kipande, mwende nalo.