Fundi, pikapu yangu ikifika 100 haichanganyi tena

SWALI: Fundi shikamoo. Nina Hilux ya 2007, dizeli 2.5 D-4D, gia tano za mkono. Mjini iko moto kabisa, ila njia kuu ikishika 100 ndo basi, nakanyaga mafuta mpaka chini inanguruma tu na mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) umeganda kwenye 2,300. Cha ajabu Dodoma kwenda Singida inatembea poa, kurudi ndo mbinde. Fundi mmoja kasema nozo zinazopulizia dizeli kwenye injini zimekufa, mwingine kasema tabo, ile inayosukuma hewa kwenye injini. Nimefunga keria, ngao ya mbele na tairi za 285/75R16, mwanzo zilikuwa 265/70R16. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba kijana, hela yako iache mfukoni kwanza. Jibu umelitoa mwenyewe hapo kwenye Singida. Singida iko mita 1,500 hivi juu ya bahari na Dodoma 1,100 hivi, yaani kwa ujumla wakati wa kurudi unateremka, sasa nozo au tabo mbovu ingekutesa wakati wa kupanda, siyo wakati wa kushuka! Kinachokukaba ni upepo. Kule unavuma zaidi kutoka mashariki, ukienda unakusukuma mgongoni, ukirudi unaupokea usoni, na spidi 100 ukikutana na upepo wa 30 usoni basi gari inapigwa na hewa ya 130.

Hapo ndo watu wengi hawaelewi, wanadhani mzigo wa hewa unapanda sawasawa na spidi. Hapana, unapanda kwa mraba wake. Kutoka 100 hadi 130 hewa inakuvuta nyuma karibu mara 1.7, na pikapu ni kama kabati linalokimbia, mbele ukuta, nyuma shimo. Nimepiga hesabu ya haraka: spidi 100 bila upepo, kusukuma hewa tu kunakula kama nguvu za farasi 20, ukiweka huo upepo wa 30 inakuwa kama 34, na hapo keria na ngao sijazihesabu, wala msuguano wa tairi. Injini yako ile ya kwanza kwanza ilitoka na farasi 102, ila hizo 102 ziko kwenye RPM 3,600 huko, wewe uko 2,300, kwa hiyo zilizobaki za kuchanganyia ni chache.

Na hizo tairi sasa. Zimezidi za zamani kwa kimo karibu asilimia 7, maana yake gia zako zote zimekuwa ndefu kwa asilimia 7 na nguvu inayofika barabarani imepungua kiasi hichohicho. Tena dashibodi inakudanganya, ikisema 100 wewe uko kwenye 107 (matrafiki wenye tochi hawatasikiliza hiyo hadithi).

Fanya hivi. Ukitaka kuovateki rudisha namba 4, usiing'ang'anie 5. Namba 5 ni gia ya kupumzika na kubana mafuta, ukirudi 4 mshale unapanda 2,700 hivi na gari utaisikia imeamka. Keria ishushe kama huibebei kitu, naona vijana wanatembea nayo tupu mwaka mzima kwa ajili ya urembo. Kama tairi kubwa unazipenda sana badilisha krauni na pinioni (zile gia za ndani ya difu), mfano kama una za uwiano wa 3.909 weka za 4.1, utarudisha sehemu kubwa ya ulichopoteza, ila kama ni foo-wili badilisha difu zote mbili, mbele na nyuma, zikitofautiana siku ukiweka foo-wili kwenye lami utavunja vyuma. Mimi ningerudisha tairi za zamani, ni rahisi zaidi. Ukiona moshi mweusi mzito, hapo kweli angalia eakilina (kichujio cha hewa) na nozo.

SWALI: Nikishusha mlango wa nyuma wa bodi ili upepo upite, si gari itakuwa nyepesi?

JIBU: Hapana, uache umefungwa. Ukiwa umefungwa hewa inajizungusha humo ndani ya bodi kama mto, na upepo unaotoka juu ya kebini unapita juu yake na kuendelea zake. Ukishusha unauvuruga huo mto. Ukitaka faida funika bodi kwa turubai lililokazwa vizuri, likilegea likaanza kupigapiga ni hasara tena.